Damu Nyepesi ya Luvsanjav

Watu wa mkoa ule walimpenda Densmaa kwa mambo mawili: sindano yake haikuumiza, na mdomo wake haukumwaibisha mtu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, karibu na jiko la makaa ambalo miezi ya baridi halikuzimwa kamwe. Hapo alikaa miaka ishirini na sita, akipima damu za watu waliokuja kuwatolea ndugu zao.

Huku kwetu, mbali na Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, hospitali haina akiba kubwa ya damu. Mgonjwa akitakiwa kupasuliwa, jamaa zake wanaambiwa walete watu. Basi wanakuja wamejazana kwenye gari la Kirusi, na majoho yao ya ngozi ya kondoo na harufu ya moshi wa samadi, ungedhani wanakwenda harusini. Densmaa anawaita mmoja mmoja. Anachoma, anadondosha tone kwenye vipande vinne vya kupimia: cha UKIMWI, cha kaswende, cha homa ya ini aina ya B na cha aina ya C. Mstari mmoja ukitokea, mtu analala kitandani anatoa damu. Mistari miwili, damu yake haichukuliwi.

Kuchoma hakukuwa shida. Shida ilikuwa kumrudisha mtu. Ukumbini ndugu wamekaa kwenye benchi, macho yao mlangoni, na anayetoka bila pamba mkononi anajulikana.

"Vipi, sindano ilikuwa ndefu?"

"Mwacheni. Vuli hii ametembelea mahema mengi mno."

Wanacheka, lakini kicheko hicho mtu anaondoka nacho mpaka nyumbani.

Mwaka wake wa pili kazini, Densmaa alimwambia bibi harusi mmoja, Tungalag, kwamba ana homa ya ini. Alimwambia kwa upole, ila mlango ulikuwa wazi na mama mkwe alikuwa ukumbini. Majani hayajaota bado, Tungalag akarudishwa kwao na sanduku lake la nguo. Densmaa alilia siku nyingi. Alikwenda nyumba ya watawa, akazungusha magurudumu ya sala mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi, akaweka nadhiri kwamba ulimi wake hautaumiza mtu tena.

Na sisi, tangu zamani, jambo baya hatulitaji. Kulitaja ni kuliita. Basi Densmaa akapata maneno yake mwenyewe. Akiona mistari miwili alitabasamu, akamfunga mtu pamba hata kama hajamtoa kitu, akamwambia, "Damu yako ni nyepesi. Kale maini, unywe mchuzi, upumzike." Jibu la kweli aliliandika daftarini, kama alivyofundishwa, na daftari akalifungia kabatini. Kanuni ilisema ampeleke mtu kwa daktari. Lakini miaka ile daktari hakuwa na dawa yoyote ya ugonjwa huo. Angempa nini zaidi ya huzuni? Densmaa aliona anawaonea watu huruma, na watu nao walimshukuru, wakamletea jibini kavu na siagi.

Kisha dawa ya ile ya C ikaja. Vidonge vya miezi mitatu, na bima inachangia. Densmaa akaanza kuwaandikia watu karatasi ya kupanda ghorofani kwa daktari wa ini, lakini hata hapo alisema, "Ni kukuangalia tu." Wengi hawakupanda. Nani atapanda ngazi kwa ajili ya kuangaliwa tu, na mifugo iko peke yake? Na wale wa zamani, waliorudishwa kabla dawa haijaja, hakuwakumbuka kabisa. Mbingu ni shahidi, hakukusudia ubaya.

Zilibaki siku mbili tuingie Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, na barafu imeganda kwenye vioo kwa ndani, alipoletwa hospitali binti wa Luvsanjav. Alikuwa anajifungua na mtoto amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Luvsanjav alikuja na mkewe Sevjid na wapwa zake wanne. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mfugaji wa farasi, mwanamieleka aliyewahi kuangusha watu wa wilaya nzima. Akiingia mahali, mlango unaonekana mdogo.

"Mnapita baridi salama, dada Densmaa?"

"Tunapita salama. Mifugo je?"

"Mifugo imekonda, ila haijafa." Akatoa kichupa chake cha ugoro, akampa kwa mkono wa kulia. Densmaa akakipokea kwa mkono wa kulia, akanusa, akamrudishia. Ndipo Luvsanjav akavua mkono mmoja wa joho na kukaa. "Leo hunirudishi. Unakumbuka Sevjid alipotolewa uvimbe?"

"Mdogo wangu, nimerudisha wengi."

"Miaka minane. Uliniambia nyepesi. Basi nimekula maini miaka minane. Muulize mwenyewe."

Sevjid alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya chai. "Maini yote ya nyumba anakula huyu. Watoto wangu hawajui maini yana ladha gani. Anakula, halafu analala kama dubu."

"Analala?" Densmaa akauliza.

"Tangu vuli amechoka. Farasi anakamatiwa na wapwa. Mwanamieleka mzima."

"Ni umri," Luvsanjav akasema.

"Umri gani? Baba yako na miaka themanini alikuwa anafukuza mbwa mwitu kwa fimbo."

Densmaa alimtazama machoni. Weupe wa macho haukuwa mweupe sawasawa, ingawa dirisha la baridi halina mwanga wa kuamini. Akamchoma, akadondosha, akageuza saa ya mchanga. Sevjid akarudi ukumbini, ambako wapwa walikuwa wanabishana nani atazimia. Mchanga ulipokwisha, vipande vitatu vilikuwa na mstari mmoja. Cha nne kilikuwa na miwili.

Alifungua kabati. Daftari la mwaka ule lilikuwa chini kabisa. Akafunua mpaka akampata: Luvsanjav, kundi O, na mbele yake, kwenye safu ya C, alama ya ndiyo. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, wa mviringo, wa mtu asiye na wasiwasi.

Alirudi kwenye kiti. Luvsanjav ameshanyoosha mkono, amekunja ngumi, mshipa umetuna kama kamba.

"Chukua mbili," akasema. "Moja ya binti, moja ya deni la mama yake."

"Damu yako bado..." Densmaa alianza, na ulimi ukataka kuendelea wenyewe, kwa kuwa ulikuwa umesema hivyo miaka mingi. Akaunyamazisha. Akasimama, akafunga mlango.

"Mnafungiana?" sauti ya Sevjid ikatoka ukumbini. "Sawa tu, dada, ila jioni unirudishie, nani atachota barafu?" Wapwa wakacheka.

Densmaa akavuta kiti karibu. "Mdogo wangu, damu yako si nyepesi. Haikuwa nyepesi hata siku ile. Una homa ya ini, ile ya C. Kipimo hiki kinasema iliwahi kuingia. Kipimo cha ghorofani kitasema kama bado iko. Nadhani bado iko."

Luvsanjav hakushusha mkono. "Siku ile uliona?"

"Niliona. Niliandika."

"Ukaniambia nile maini."

"Nilikuambia."

"Yalisaidia?"

"Hayakusaidia kitu. Dawa haikuwapo wakati ule, lakini sasa ina miaka hapa, na sikukutafuta."

Luvsanjav akakunjua ngumi. Jiko la ukumbini likasikika likinguruma. "Unajua nilivyokaa mimi?" akasema polepole. "Mke wangu amelala humu anahitaji damu, akatiwa ya watu wa bonde jingine, na mimi niko pale benchi. Nikajiona mwanaume mwenye maji mwilini. Sikuingia tena kwenye mieleka. Watu wakiniuliza nasema goti."

"Nisamehe."

"Nimeipata wapi?"

"Siwezi kujua kwa hakika. Wengi wa umri wetu ni zile sindano za enzi za ushirika, mifugo ilipokuwa mali ya pamoja. Tabibu alikuwa anapita na sindano moja ya kioo, anawachoma vitamini bonde zima. Kosa si lako."

"Na lako?"

"Langu ni langu. Panda sasa hivi kwa daktari wa ini, mimi nitakwenda na wewe."

"Sipandi." Akarudisha mkono ndani ya joho. "Binti yangu yuko kwenye kisu, keshokutwa ni Mwezi Mweupe, na wewe unanitajia mambo haya. Hukutaja miaka minane. Ungeshindwa kungoja siku tatu?"

"Mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wako."

Alifungua mlango. Densmaa alibaki na kile kipande cha kupimia mkononi, akamsikia akiwaambia watu wake ukumbini, "Nyepesi tena."

"Mjomba, sasa ongeza na figo," mmoja akasema, na wote wakacheka, Sevjid kwa sauti kuliko wote.

Wapwa watatu walifaa, damu ikapatikana, na mchana binti akapata mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Luvsanjav alimtazama mjukuu kupitia kioo, akapanda gari, akaenda zake. Hakupita chumba cha mwisho.

Siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe nyumba ya Densmaa ilijaa. Wadogo zake walimwamkia, wakamtegemeza viwiko kwa mikono yao kama inavyopasa kwa mkubwa. Alimimina chai, akaweka maandazi ya mvuke yenye nyama, akacheka panapochekwa. Miaka yote alipokumbuka kosa la maisha yake, alimkumbuka Tungalag na sanduku lake. Sasa alikuwa anaona nyuso nyingine, watu wanaotoka mlangoni pake wakimshukuru.

Asubuhi ya siku ya tatu aliwasha taa ya samli mbele ya sanamu ya Buddha, akapiga magoti. Hakuomba asamehewe. Aliomba akifika kwa Luvsanjav asirudi kusema uongo. Kisha akatoka, akanyunyiza maziwa hewani kwa kijiko kubariki safari, akachukua kitambaa cha hariri cha buluu cha kutolea heshima na paketi za peremende, akamwomba jirani mwenye gari ampeleke. Ni kilomita arobaini, na theluji imefuta njia.

Alijua anachokifanya. Kupeleka habari ya ugonjwa kwenye nyumba ya mtu siku za Mwezi Mweupe, hakuna aliyewahi kufanya hivyo na akasifiwa. Lakini alijua na jambo la pili. Siku hizo mgeni hafukuzwi. Hata adui akija, unampokea.

Hema la Luvsanjav lilikuwa chini ya kilima, moshi umenyooka. Densmaa aliingia kwa mguu wa kulia. Luvsanjav alikuwa amekaa upande wa kaskazini, kofia kichwani, mbele yake mikate mirefu ya sikukuu imepangwa ghorofa tano na jibini juu yake. Alipomwona, uso wake ulikunjamana. Densmaa akanyoosha mikono, kitambaa cha buluu kimelala juu yake, akangoja.

Densmaa ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miaka sita. Luvsanjav hakuwa na pa kwenda. Alisimama, akaweka mikono yake chini ya mikono ya Densmaa, akamtegemeza viwiko, uso ameugeuzia jiko.

"Mwaka umeingia kwa amani?" Densmaa akauliza.

"Kwa amani," akajibu kama mtu anayetema jiwe.

"Dada Densmaa mwenyewe," Sevjid akasema kwa furaha, akivuta kiti. "Na baridi yote hii. Ona, Luvsan, watu wanaopenda watu. Kaa, kula. Mjukuu anakojoa kama mwanajeshi."

Densmaa akala maandazi matatu, kwa kuwa chini ya matatu ni dharau. Akanywa chai, akasifu mikate. Wakaulizana hali ya kondoo, ng'ombe, theluji. Kisha akasema, "Luvsanjav, nionyeshe farasi wako mara moja, tuzungumze."

"Farasi wako malishoni." Luvsanjav aliweka bakuli chini. "Nimejua ulichokuja kusema. Umeshavunja mwiko, basi uvunje wote. Sema hapa."

"Hapa? Mbele ya mkeo?"

"Nimesema hapa."

Densmaa akasema. Hakukwepa neno lolote: jina la ugonjwa, miaka minane, daftari, maini. Alisema kwamba ini likishaharibika sana vidonge vitaua virusi lakini haviwezi kurudisha ini, ndiyo maana hakungoja. Sevjid alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria. Mchuzi ukawa unadondoka kwenye jiko, ukilia tss, tss.

"Minane?" akamuuliza Densmaa.

"Minane."

Sevjid akaweka upawa. Ilionekana atasema jambo kubwa kwa mgeni, na Densmaa akainamisha kichwa kulipokea. Lakini Sevjid akamgeukia mumewe. "Na wewe siku ile ulitoka mle ukaniambia nyepesi tena. Ukaniacha nicheke na vijana."

"Nilitaka upite sikukuu vizuri."

"Ndivyo hata huyu alivyotaka."

Luvsanjav alitazama mikono yake mikubwa.

"Vaa viatu," Sevjid akasema.

"Ni siku ya tatu. Wageni wanakuja."

"Wageni watakula. Chakula kiko hapo. Nani kakwambia huo ugonjwa unapumzika sikukuu? Na mimi nitapimwa, sindano hizo hata sisi bondeni kwetu tulichomwa." Alikuwa ameshavaa joho. Kwa Densmaa hakusema neno la ukali, lakini garini alikaa mbele na dereva, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Sevjid alikutwa mzima. Kwa Luvsanjav virusi vilikuwa hai, na ini lake, daktari alisema, limeanza kuwa gumu lakini halijafika mwisho. Angengoja miaka mingine miwili mitatu, hadithi ingekuwa nyingine. Akaanza vidonge wiki ileile. Kumeza hakukumshinda. Kuacha pombe ya maziwa ndiko kulikomshinda, na Sevjid aliificha mpaka mwenyewe akasahau alipoiweka.

Densmaa aliporudi kazini alikwenda kwa daktari mkuu, mwanamke kijana wa umri wa kumzaa, akamweleza yote. Alipewa barua ya onyo, ambayo aliisoma mara mbili na kuona ni ya haki. Kisha wakayatoa madaftari yote kabatini. Kila jioni baada ya kazi walipiga simu. Wengine walipokea, wakaja. Mmoja alimtukana mpaka salio likaisha. Wawili walikuwa wameshafariki, na Densmaa akaandika majina yao kwenye karatasi, akayapeleka nyumba ya watawa yasomewe sala. Lakini wafugaji wa mbali simu haziwafikii, na kiangazi wanahamahama, kila mtu na majani yake.

Mwisho wa kiangazi, siku ya upepo, gari la Kirusi lilisimama mbele ya hospitali. Luvsanjav akashuka. Alikuwa amepungua kitambi, macho yameng'aa. Kipimo cha mwisho kilikuwa kimetoka wiki iliyopita, na virusi havikuonekana tena. Ini angeendelea kuangaliwa kila nusu mwaka. Densmaa alikuwa ameambiwa na daktari, na siku hiyo alikuwa amelia chumbani peke yake, ila Luvsanjav mwenyewe hakuwa amekanyaga mlangoni pake tangu baridi.

Sasa alisimama hapo, mlango ukawa mdogo. Hakuamkia.

"Nimekuletea saba," akasema. "Wa mabonde ya kwetu. Nimepita hema kwa hema wakati wa kukamua farasi, nikauliza nani aliwahi kuambiwa na Densmaa damu yake nyepesi. Wengine walijisifu. Walidhani ni damu ya watu wapole."

"Wanajua wamekuja kufanya nini?"

"Nimewaambia mimi ilikuwa nini. Yao utawaambia wewe." Akataka kuondoka, akasita. "Mlango ufunge. Lakini uwaambie."

Ukumbini walikuwa wameanza kutaniana.

"Luvsan, kama ni kuchomwa tena mimi narudi."

"Kaa chini, babu. Ng'ombe wako anachomwa hasemi kitu."

"Ng'ombe wangu hana mke wa kumcheka."

Densmaa alitoka na kuita wa kwanza, bibi mmoja mwembamba aitwaye Yanjmaa, mwenye kilemba cha kijani. Akamketisha, akafunga mlango, akatafuta jina lake. Lilikuwapo, la miaka kumi na moja nyuma.

"Mama," akasema, "nilikudanganya. Haikuwa nyepesi. Nitakuambia ilikuwa nini, halafu tutapanda ngazi pamoja kwa daktari."

Yanjmaa alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kidogo kidogo. Kisha akaangalia miguu ya Densmaa, iliyovimba kwenye viatu vya hospitali.

"Hizo ngazi utaziweza, mwanangu? Na wengine sita wako nje."

"Nitaziweza," Densmaa akasema, akampa mkono asimame.